Nilikulia Mwanza, mtumbwi nikaja kuupanda Minnesota

Mama yangu ana sheria moja ambayo hajawahi kuilegeza, nayo inahusu ziwa. Kwenda kununua dagaa Mwaloni ruksa, kukaa juu ya mawe jioni kuangalia jua likizama ruksa, ila kupanda chombo chochote kinachoelea ni marufuku, hata kivuko cha Kamanga tulipanda mara moja tu kwa sababu kulikuwa na msiba ng'ambo, na tulivuka tumeshikana mikono mwanzo mpaka mwisho. Mimi na mdogo wangu tumekua hivyo. Watu nikiwaambia natokea Mwanza wanadhani nilijifunza kuogelea kabla ya kutembea, kumbe nimefika miaka 30 na ushee sijawahi kugusa kasia.

Sababu yake watu wa rika langu kule wote wanaijua. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama asubuhi ikiwa imeshakaribia kabisa kufika Mwanza, watu zaidi ya 800 wakafa. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Nyumba ya tatu kutoka kwetu kulikuwa na mama mmoja Mhaya, kila akienda kwao lazima aturudie na senene, wamekaangwa vizuri, anatugawia watoto kwenye viganja. Safari ile hakurudi. Wengi walizikwa Igoma, na sisi watoto tulibaki kusikia watu wazima wakiongea kwa sauti ya chini kwa miezi. Kuanzia hapo mama akafunga ukurasa wa ziwa, na mwaka 2018 MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara akanipigia simu huku Marekani kuniambia tu, "Unaona?" Akakata.

Na mama mwenyewe ni mzaliwa wa Ukerewe, kisiwani kabisa. Habari za utoto wake kule hakuwa anazisimulia, ukimuuliza anakwambia tulikuwa tunakula viazi na samaki, basi, anabadilisha mada.

Sasa nisimulie ilikuwaje mimi huyu huyu Julai mwaka jana nikajikuta nimekaa ndani ya mtumbwi katikati ya pori karibu na mpaka wa Kanada, mwanangu yuko mtumbwi wa pembeni, na moyo umetulia.

Naishi Brooklyn Park, pembeni ya Minneapolis, Waafrika Mashariki tuko wengi tu huku. Jimbo la Minnesota wanaliita la maziwa 10,000, wameandika mpaka kwenye pleti namba za magari, na mimi miaka tisa nimeendesha gari kupita kando ya maziwa hayo kwenda kazini na kurudi bila hata kupaki. Kwetu huku wikiendi ni zamu mbili mfululizo, harusi, kanisani, kuchangishana, kupika, na ukitaja mambo ya kwenda porini na mtumbwi utasikia "hayo ni ya wazungu." Nami nilikuwa nasema hivyo hivyo, sikatai.

Aliyenibadilisha ni mama mmoja wa kazini. Tunafanya wote kwenye nyumba ya wazee, yeye ni nesi wa usiku, ana miaka 64, kazaliwa na kukulia huko kaskazini, na kila kiangazi anarudi kazini na mikono imeungua jua anasimulia maziwa. Alinialika mara ya kwanza nikamwambia hapana, mwaka uliofuata tena hapana, mara ya tatu nikamweleza ukweli wote, MV Bukoba, yule jirani na senene, sheria ya mama. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuniambia usiogope. Akasema, "Basi kajifunze kwanza kuelea, halafu tutaenda siku moja tu, ziwa dogo, hatulali huko, na wewe ndiye utakayeamua saa ya kurudi."

Nikaenda bwawa la ndani msimu mzima wa baridi, kila Jumanne. Siogelei vizuri mpaka leo, lakini najua kulala chali juu ya maji nikapumua, na hilo peke yake limenitoa mzigo wa miaka mingi kifuani. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, ndivyo nilivyokuwa najiambia kwenye kile chumba cha kubadilishia nguo huku nje kuna theluji.

Pori lenyewe linaitwa Boundary Waters Canoe Area Wilderness, liko ndani ya msitu wa taifa wa Superior, kaskazini mashariki ya Minnesota, na watu wengi wanaishia kusema Boundary Waters. Ni eka zaidi ya milioni moja, maziwa zaidi ya 1,000, limelala kwenye mpaka wa Kanada kwa karibu maili 150. Sheria ya mapori ya Marekani ya 1964 ndiyo iliyoliweka kwenye ulinzi, kisha 1978 Rais Jimmy Carter akasaini sheria nyingine iliyobana zaidi mambo ya injini, kwa hiyo kwenye maziwa mengi ya ndani boti ya mota hairuhusiwi kabisa. Hakuna barabara, hakuna nguzo ya umeme, hakuna kibanda cha soda. Unaingia na kasia na miguu yako.

Na hapa ndipo nataka Waswahili wenzangu wa huku wanisikilize, kwa sababu mimi nilidhani lazima uwe na pesa au uwe mwanachama wa kitu fulani. Ukitaka kulala kule kati ya Mei 1 na Septemba 30 ndio unatakiwa kubuku kibali mapema na kulipia, maana kila mlango wa kuingilia una idadi yake ya makundi kwa siku. Ukienda kwa kasia na kurudi siku hiyo hiyo, kibali ni bure. Kipo kwenye kisanduku pale pale mlangoni, unajaza mwenyewe tarehe, watu wangapi, mitumbwi mingapi, unabaki na nakala yako mfukoni. Mwisho watu tisa na mitumbwi minne kwa kundi. Makopo na chupa za vinywaji na vyakula haviruhusiwi, yaani zile za kutumia na kutupa, kwa hiyo maharage yetu ya kopo tuliyaacha kwenye gari tukabeba chapati, mayai ya kuchemsha, karanga na chai ya tangawizi kwenye thamosi.

Tulikuwa wanne: yule mama nesi, mdogo wangu wa kiume anayeishi Des Moines, mwanangu wa miaka 12, na mimi. Tuliondoka Ijumaa mchana, ni kama saa nne na nusu hivi za kuendesha, tukalala Ely, kamji kadogo ka watu elfu tatu na kitu ambako kila duka la pili lina mitumbwi imepangwa juu ya gari. Asubuhi saa moja tukaenda kuchukua miwili ya kukodi. Ni ya kevla, ile nyuzi inayotengenezea fulana za kuzuia risasi, ndio maana mtumbwi mzima wa watu wawili una kilo kama 20 tu. Kijana wa pale akatupimia makasia: unakaa kwenye benchi, kasia unaligeuza kishikio kiwe chini kwenye benchi katikati ya mapaja, na pale ubapa unapoanzia pafike usawa wa pua hivi. Akatufunga mikanda ya mitumbwi juu ya magari mawili, akanipa laifu jaketi, nikaivaa hapo hapo dukani, nikafunga zipu mpaka juu.

Sheria ya Minnesota ni kwamba kila mtu lazima awe na jaketi lake ndani ya chombo, na mtoto chini ya miaka kumi lazima alivae. Sisi tukakubaliana kila mtu analivaa muda wote, mkubwa na mdogo, maana jaketi lililolala chini ya kiti halimsaidii mtu aliyeshaanguka upande wa pili, na tusidanganyane, sisi tuliotoka kule tunajua jaketi lisilovaliwa linamsaidia nani.

Kutoka Ely unashika barabara ya Echo Trail, kama nusu saa hivi, misonobari pande zote, unafika mlango namba 77, South Hegman. Nesi aliuchagua huo kwa ajili yetu. Ziwa ni jembamba na limejikunja kati ya miamba, ufuko uko karibu kila upande, upepo haupati nafasi ya kukua sana, na mwisho wa safari kuna kitu cha kuona.

Lakini kwanza mtumbwi unabebwa. Kutoka maegesho mpaka majini ni rodi 80, na hicho kipimo kule bado kinatumika kila siku, rodi moja ni kama mita tano, urefu wa mtumbwi mmoja hivi. Kwa hiyo mita 400. Kubeba huku wanaita poteji, neno la Kifaransa la enzi za wapagazi wa biashara ya ngozi, waliokuwa wanapita njia hizi hizi na mizigo miwili miwili mgongoni, kila mmoja ratili 90. Nesi aliuinua wake peke yake, akaugeuza akauvaa kichwani kama kofia, kile kibao cha katikati kikakaa mabegani, huyo akaanza kutembea. Miaka 64! Mdogo wangu akachukua wa pili, sisi wengine tukabeba makasia na chakula. Njia ni nzuri, ila mwishoni inateremka kwa ngazi mpaka chini kwenye maji, na hapo kwenye ngazi mdogo wangu alisimama mara mbili. "Dada, njoo unielekeze miguu, sioni mbele." Nikatangulia namhesabia, moja, nyingine, nyingine, kuna jiwe kulia. Bandu bandu tukafika.

Mtumbwi wa kevla hauburuzwi juu ya jiwe, unapasuka, kwa hiyo inabidi uingie majini mpaka magotini ndio uuweke uelee. Hapo ndipo nilisimama. Maji ya kule ni ya kahawia kama chai ya rangi iliyokaa, wanasema ni ule utomvu wa majani na magome unaoingia kutoka kwenye misitu na majimaji ya kinamasi, lakini ni masafi, naviona vidole vya miguu yangu kupitia viatu vya wazi, vimekuwa na rangi ya shaba. Nesi akaja akasimama pembeni yangu, yeye naye majini, akaniambia weka mikono yote miwili kwenye kingo, kulia na kushoto, mguu mmoja katikati kabisa ya mtumbwi, inama, usisimame wima, leta wa pili, kaa. Nilifanya hivyo. Ukayumba mara moja halafu ukatulia, kama mtu anayejisogeza kitandani kukupa nafasi. Nilikaa pale mbele nimeshikilia kingo, naangalia mbele, nikasema kwa sauti jina la yule jirani yetu. Sijui kwa nini. Mdogo wangu alikuwa nyuma yangu, akalisikia, naye akalirudia.

Kupiga kasia watu wanadhani ni nguvu za mikono. Siyo. Mkono mmoja unakaa juu kabisa kwenye kichwa cha kasia, mwingine chini karibu na ubapa, unachomeka mbele, halafu unazungusha kiwiliwili, mgongo na tumbo ndio vinavuta, mikono inafuata tu. Ukivuta kwa mikono dakika kumi umeshachoka. Anayekaa mbele ndiye anayetoa mwendo, moja, mbili, moja, mbili, na anaangalia mawe. Anayekaa nyuma ndiye anayeongoza, na hiyo ndiyo kazi yenyewe, maana ukipiga upande wa kulia pua inakwenda kushoto, kwa hiyo mtumbwi wa wanaojifunza unakwenda kama mtu aliyelewa, ufuko huu, ufuko ule. Sisi robo saa ya kwanza tulikuwa hivyo. Njia ya wanaoanza ni kubadilishana: mnapiga mara sita, kila mtu upande wake, wa nyuma anasema "badili!" wote mnahamia upande wa pili. Nesi yeye na mwanangu hawabadili, kila mtu anapiga upande wake tu, mstari umenyooka, nikamwuliza anafanyaje, akapunguza mwendo ili nione. Mwisho wa kila pigo, kasia likishafika usawa wa nyonga, anageuza kiganja dole gumba likaangalia chini, ubapa unasimama, anasukuma nje kidogo tu, kama anafunga droo na mkono uliojaa. Wanaita J kwa sababu njia ya kasia majini inafanana na herufi hiyo. Pua iliyokuwa inataka kukimbia inarudi mahali pake. Nililitazama lile kasia muda mrefu, matone yanadondoka kutoka kwenye ncha yake yanachora mstari wa viduara juu ya maji, kila kiduara kinapanuka kinakutana na mwenzake, halafu kasia linaingia tena.

Kimya cha kule jamani. Hakuna jenereta, hakuna pikipiki, hakuna redio. Kuna ndege anaitwa loon, ndiye ndege wa jimbo, mweusi na madoa meupe mgongoni na macho mekundu, anazama hapa unamsubiri anaibukia mbali kabisa pale ambapo hukutarajia, na akilia sauti inapanda kama kilio cha mtu halafu mlima wa upande wa pili unaijibu. Mara ya kwanza nilisisimka mwili mzima. Mwanangu akawa anahesabu amekaa chini ya maji sekunde ngapi.

Na mawe! Mtu wa Mwanza akifika pale atajua ninachosema. Majabali makubwa ya kijivu na wekundu kidogo yameingia mpaka majini, mengine yamepandana, miti imeota kwenye nyufa. Mdogo wangu ndiye aliyesema kwanza, "Dada, hii si Capri Point hii?" Nikaenda kusoma baadaye, miamba ya eneo lile ina umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu, na ile ya kwetu Mwanza nayo iko kwenye umri huo huo, ni katika mawe ya zamani sana duniani. Nimetoka pembeni ya mawe nikaja upande wa pili wa dunia kukutana na ndugu zake.

Mwisho wa South Hegman kuna poteji fupi sana, kama rodi tano, unashuka, unainua, unatembea hatua chache, unaingia North Hegman. Unaendelea kaskazini mpaka ziwa linapobana kuelekea Trease, na hapo kwenye ukuta wa mwamba, juu kidogo ya kimo cha mtu aliyesimama kwenye mtumbwi, kuna michoro. Rangi nyekundu kama damu iliyokauka, ni udongo wenye madini ya chuma. Kuna mtu amenyoosha mikono yote miwili, vidole vinaonekana. Kuna moose, yule mnyama wa kule mkubwa kuliko ng'ombe. Kuna mnyama mwingine mwenye mkia mrefu. Na kuna mitumbwi, vistari vilivyopinda na watu ndani yake.

Wenyewe wa nchi ile ni Waanishinaabe, wengi wanawajua kama Waojibwe, ndio waliokuwa wanatengeneza mitumbwi ya magome ya mti wa birch, myepesi, unabebeka begani kama ule tuliobeba sisi asubuhi, na umbo la mitumbwi hii ya kevla limetoka kwao. Mwaka 1854 waliweka mkataba na serikali ya Marekani, ardhi ikachukuliwa, lakini haki ya kuwinda na kuvua na kuchuma kwenye eneo hilo walibaki nayo na wanaitumia mpaka leo. Msanii na mwalimu wa Kiojibwe anaitwa Carl Gawboy ametoa maelezo kwamba michoro ile ni ramani ya nyota, kwamba yule mtu aliyenyoosha mikono ndiye Mleta Baridi, kundi la nyota ambalo ndani yake ziko zile zinazoitwa Orion, likionekana juu mbinguni watu wanajua msimu umegeuka. Nesi alituambia tusiguse, mafuta ya vidole yanaharibu rangi, na akatuonyesha tumbaku kidogo iliyowekwa kwenye kijishubaka cha mwamba, akasema hiyo ni sadaka, ni mahali pa ibada pia siyo pa picha tu. Tukashusha sauti. Mimi nilikuwa nawaza michoro ya Kondoa, Kolo kule, rangi ni ile ile, watu wembamba wamesimama kwenye mwamba, nilipelekwa na shule nikiwa darasa la sita na nilikuwa nimesahau kabisa. Mwanangu hajawahi kuiona. Nilimwambia pale pale, tukienda nyumbani safari ijayo nitakupeleka Kondoa, akaniambia, "Na Ukerewe kwa bibi," nikasema na Ukerewe.

Tukala kwenye jabali moja la bapa lenye jua. Chapati na mayai na chai. Kulikuwa na vichaka vya bluberi pembeni, vidogo, vitamu, mwanangu akapaka meno bluu. Mbu kwa kweli walikuwepo kivulini, mikono mirefu ni lazima, na kupe wapo kwenye majani, jioni mnakaguana miguuni na nyuma ya masikio.

Wakati wa kurudi nesi akaniuliza, "Unataka kukaa nyuma?" Nikasema ndiyo kabla sijafikiri.

North Hegman nilifanya kwa kubadilishana, mara sita, badili, mara sita, badili. Tulipotoka ile poteji fupi kuingia South Hegman upepo ulikuwa umeshaamka, kusini, unatupiga usoni, na maji yaliyokuwa kama kioo asubuhi sasa yana vimawimbi vinagonga chini ya pua tap tap tap. Ndio kawaida yake, asubuhi kimya, mchana upepo, ndio maana wanaojifunza wanaambiwa waanze mapema. Vimawimbi vyenyewe havizidi shubiri, lakini mwili wangu haukujua hilo. Mdogo wangu akageuka ghafla kunisemesha kitu, mtumbwi ukalala upande, maji kidogo yakaingia, kama vikombe viwili, na mimi nikaacha kupiga. Mkono ukaganda. Pua ikaanza kugeuka, upepo ukatushika ubavuni, na kichwani mwangu nikamwona yule mama na viganja vyetu vimejaa senene.

Nesi alikuwa mita kama 15 kutoka kwetu. Hakupiga kelele. Akasema, "Magoti chini, wote wawili." Tukashuka kutoka kwenye viti tukapiga magoti, na ni kama mtu ameongeza jiwe chini ya mtumbwi, ukatulia hapo hapo, kwa sababu uzito umeshuka. "Sasa pua kwenye upepo. Fuata ufuko. Piga." Na ikiwa mtumbwi ungepinduka, alikuwa ametuambia tangu asubuhi, unabaki na mtumbwi, unaushika, hujaribu kuogelea kwenda popote, mtumbwi unaelea, jaketi linaelea, na wenzako wanakufuata. Nilikuwa nayakumbuka yote hayo, ila kilichonisaidia zaidi ilikuwa mgongo wa mdogo wangu mbele yangu, jaketi la rangi ya chungwa, alikuwa ameanza kupiga tena taratibu, moja, mbili, hakugeuka. Nikachomeka kasia. Nikavuta. Mwisho nikageuza kiganja, dole gumba chini, nikasukuma nje kidogo.

Pua ikarudi.

Nikafanya tena. Ikarudi tena. Sikusema badili. Tulikwenda upande mmoja mpaka tulipoziona zile ngazi, nusu saa na zaidi, mabega yanawaka moto, na kila pigo nilikuwa nasikia mtumbwi ukinijibu mkononi kupitia kile kijiti, kitu ambacho siwezi kukueleza vizuri mpaka ukikishika mwenyewe.

Kule hakuna netiweki, kwa hiyo simu ilipata mawasiliano tulipokaribia Ely, meseji zikaanza kuingia. Nilikaa kwenye gari nikawaza, halafu nikamtumia mama picha mbili WhatsApp. Moja ya michoro, nyingine nesi aliyonipiga mimi nikiwa nyuma na kasia. Tanzania ilikuwa usiku. Sikuandika chochote chini yake.

Asubuhi nikakuta voisi noti. Dakika moja na sekunde kadhaa, na mwanzo wake wote ni kimya, nasikia jogoo na mtu anafagia. Nilijiandaa kugombezwa. Halafu mama akasema taratibu, kwa ile sauti yake ya kutoka usingizini, kwamba wao walikuwa wanavuka wenyewe watoto kwenda kwa bibi yao, yeye ndiye alikuwa mkubwa kwa hiyo yeye ndiye alikuwa anakaa nyuma. Akanyamaza tena. Kisha akauliza:

"Ulikuwa unabadilisha upande, au ulipiga upande mmoja?"